Siku Tulipokata Kamba ya Karantini

Wanangu mlio kazini, kila mnaponitembelea mnapenda kuniuliza ndui ilikuwaje. Mnataka habari za vipele, za harufu, za maiti waliozikwa harakaharaka bila kuoshwa. Nawaeleza, mnatikisa vichwa, mnakunywa chai yangu, mnakwenda zenu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ilikuwaje siku ilipokwisha. Mnadhani ugonjwa ukiondoka watu hupeana mikono, na kazi ya mtu wa afya huwa imefika mwisho. Mimi nilikuwa mchanjaji miaka mingi, Mbeya kwanza, halafu Iringa, na aibu kubwa ya kazi yangu ilinipata siku ya furaha, wakati kijijini hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Alikuwapo mama mmoja, Sekindole, aliyeuguza kijiji kizima. Kijiji kilipofunguliwa, yeye peke yake alibaki amefungiwa nje, na mlango niliusukuma mimi.

Nitalifikia hilo. Kwanza niwaambie kazi nilivyoijua, msije mkadhani nilikosea kwa kutojua. Ningekuwa sijui, leo ningekuwa mzee mwenye raha.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa Tukuyu, Mnyakyusa mwenzangu, jina lake Anangisye. Alikuwa na meno machache na maneno mengi. Siku zile, miaka ya hamsini, dawa ya chanjo ilikuja ndani ya vimrija vya kioo, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti, na joto lilikuwa adui yake. Ninyi mna majokofu. Sisi tulikuwa na chungu kidogo kilichovikwa gunia bichi, kimefungwa nyuma ya baiskeli, na kila ukivuka mto unashuka, unalilowesha gunia, unaendelea. Wanywaji wa njiani walikuwa wakitufuata hata maili mbili wakidhani tumebeba pombe. Anangisye aliwaacha wafuate. Wakifika, anawaambia wakunje mikono ya mashati.

Kabla hajamchanja mtu yeyote, mzee yule alijichanja yeye mwenyewe mbele ya watu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa makwaruzo, hauna pa kuweka jingine. Nilimwambia, "Mzee, wewe ulishakingwa zamani, hii dawa unaipoteza." Akanijibu, "Hawa hawaitazami dawa. Wananitazama mimi."

Kosa langu la kwanza lilitokea kwenye milima ya Wasafwa, juu ya Mbeya. Nilikuwa nimepewa chupa ya spiriti ya kusafishia vyombo, na kwa kuwa ilinukia udaktari, nikaanza kuwapangusia watu mikono kwa spiriti, natia tone la dawa, nakwaruza, anayefuata. Nilijiona msomi. Siku ya saba nikarudi kukagua. Ninyi mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba chanjo ikishika lazima uone kipele chenye maji katikati. Sikuona kitu. Mikono yote ilikuwa laini. Bibi mmoja akaninyoshea wake, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, siku ile ulikuja kutukuna?"

Spiriti ilikuwa imeiua dawa kabla haijaingia. Sabuni na maji, wanangu, halafu mkono ukauke. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na hata sasa mkiambiwa kitu kinanukia udaktari, ulizeni kwanza. Anangisye alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kucheka akaniamuru nirudi nyumba kwa nyumba, nikaseme, "Nilikosea, naomba mkono tena." Nililia kwa hasira. Nikaenda. Hakuna aliyenifukuza, na wawili walinipa viazi.

Basi nilihamishiwa Iringa nikiwa na kiburi cha mtu aliyekwisha kukosea akasamehewa. Kijiji chenyewe sikitaji jina, kwa kuwa wajukuu zao wapo na wanasoma. Kilikuwa vilimani, mwendo wa baiskeli kutoka Kihesa, kijiji cha mahindi na mianzi. Kwa asiyefahamu, kule ulanzi ndio maisha ya masika. Mvua zikianza, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, utomvu wake unachuruzika ndani ya kipande cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na kesho yake mnakaa klabuni. Muuzaji anajaza kikombe, anaonja yeye mbele yako ili ujue hakuna ubaya ndani yake, halafu anakupa kwa mikono miwili. Wewe unakunywa, unampa wa pembeni. Kikombe kimoja huzunguka watu kumi. Kukikataa kikombe kilichokwisha kuonjwa ni kumwambia mwenye nacho kwamba ni mchawi. Mimi mtu wa kuja nilifundishwa jambo hilo wiki ya kwanza.

Ndui ililetwa na mwanamume aliyerudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge. Alifika na homa, akapokelewa kwa ulanzi. Mnaweza kumalizia wenyewe.

Nililetwa mimi na barua kutoka bomani. Tukafunga kamba ya katani kwenye njia ya kuingilia, tukaning'iniza kitambaa chekundu, tarishi wawili wakawekwa hapo. Gulio likafungwa. Klabu ikafungwa. Kusali kanisani kukakatazwa, katekista akawa anapiga kengele kisha anasali peke yake uani. Kuamkiana kwa mikono marufuku; mtu anasema "kamwene" akiwa mbali na mikono ameificha mgongoni. Matanga marufuku. Hilo la matanga ndilo lililoniponza kwao zaidi. Mzee mmoja, fundi wa majembe, alimzika mkewe na watu wanne tu, akaja akasimama mbele yangu akasema, "Wewe Bwana Ndui, kwenu mtu akifa mnamfukia kama mbwa?"  Kwetu watu hucheza ngoma msibani siku nyingi.

Wagonjwa tuliwajengea vibanda ng'ambo ya kijito. Kujenga kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumpata wa kuwalisha. Ndugu walileta unga mpaka kwenye maji, wakauacha juu ya jiwe, wakakimbia. Mimi nilikuwa nimechanjwa, lakini nilikuwa na vijiji vingine viwili vya kuchanja.

Ndipo akatokea Sekindole. Alikuwa mjane, muuza ulanzi, mwenye shamba la mianzi lililosifiwa mpaka Kalenga, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuugua. Alipona. Magaga ya vipele yalipokwisha kukauka na kuanguka yote, uso wake ulibaki na mashimo, jicho moja likapata ukungu. Nilimwambia, "Mama, umepona, unaweza kwenda nyumbani." Akauliza, "Mtu aliyekwisha kuugua, inamrudia?" Nikamwambia hairudi. "Na anaweza kumwambukiza mwingine?" Nikamwambia hapana, magaga ya mwisho yakishaanguka na nguo zikichomwa, huyo ni salama kuliko sisi wote. Akafikiri. "Basi nani atawapikia hawa?"

Akabaki. Miezi miwili, katikati ya msimu. Mianzi yake ikachipua, ikarefuka, ikakomaa bila kugemwa. Alipika uji, aliwageuza wagonjwa juu ya majani ya mgomba ili ngozi isigande, alichimba na kufukia. Nilimfundisha kuchemsha vitambaa. Yeye akanifundisha kwamba mgonjwa mwenye vidonda mdomoni hunywa kwa unyasi wenye tundu kama mrija, wala hakatai. Huo unyasi niliutumia miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, na katika ripoti niliandika kwamba ni mbinu yangu. Naam, mimi.

Siku moja, tumekaa tunasubiri chungu kichemke, nilimwuliza karantini ikiisha atafanya nini. Alicheka. "Nitaoga kwanza. Halafu nitakwenda kukaa pale kwangu klabuni, kwenye gogo, pembeni ya mlango. Nimechoka kusikia watu wakilia tu, baba. Nataka kusikia watu wakibishana." Hakutaka nishani. Hakutaka shukrani. Alitaka gogo lake.

Barua ya kufungua ilikuja asubuhi ya jua. Jumbe aliita watu wote njiani, mimi nikasoma, yeye akaikata kamba kwa panga. Kelele iliyopigwa sijaisikia tena. Watu walikumbatiana, kengele ya kanisa ikalia mpaka kamba yake ikachomoka. Na hapohapo, wanangu, mbele ya macho yangu, ugonjwa ulianza kusahaulika kana kwamba haukuwapo. Kabla jua halijafika kichwani, nilikwisha kusikia kwamba haikuwa ndui, ilikuwa tetekuwanga iliyokuzwa na serikali. Nilisikia kwamba karantini ililetwa ili watu wakose kuuza mahindi. Mganga mmoja aliyekuwa amejificha kwa shemeji yake Idodi muda wote ule alirudi na mkoba, akatangaza kuwa dawa yake ndiyo iliyoufukuza ugonjwa kwa mbali. Watu wakampa kuku! Tarishi wawili waliolinda kamba, vijana wao wenyewe, walitemewa mate.

Wengine waliogopa kufunguliwa kama walivyoogopa kufungwa. Katekista aliendelea kusali uani kwa wiki nzima. Yule fundi wa majembe hakuja njiani kabisa. Siku ileile alianza matanga ya mkewe, na watu wakahama kutoka matanga ya nyumba hii hadi ya nyumba ile, wanalia hapa, wanakwenda kulia pale, maana misiba ya miezi miwili ilikuwa imewasubiri yote pamoja.

Mimi nilikwenda klabuni. Nilistahili, nilijiambia. Mama mmoja akaonja, akanipa kikombe, nikanywa chote, watu wakapiga vigelegele. "Bwana Ndui anakunywa! Karantini imekwisha kweli!" Nilijiona mkubwa. Nikakaa.

Muda si mrefu watu wa karibu na mlango wakanyamaza. Sekindole alikuwa ameingia. Alikuwa ameoga, amejifunga kaniki mpya, mabega yanang'aa mafuta, na mbeta yake begani. Alikuwa amegema tangu jana yake jioni chipukizi chache alizozikuta zikiwa changa. Akaamkia, "Kamwene." Waliitikia wachache. Akaenda kwenye gogo lake. Waliokuwa wamelikalia wakasimama, na hawakusimama kwa heshima. Wakahamia upande wa pili, hata gogo lote likawa lake.

 Aliweka mbeta, akapangusa kikombe cha mwanzi, akasubiri. Hakuna aliyekuja. Mama mmoja akasema, sauti ya kusikika, "Si bado ana madoa huyu?" Mwingine akasema, "Alikuwa analala na maiti."

Jumbe alikuwa mtu mwema kwa kadiri alivyoweza. Akanigeukia. "Bwana Ndui, wewe ndiye uliyetuambia huyu mama amepona. Sema sasa, watu wasikie."

Nikasimama, nikasema. Nilisema vizuri sana. Nilieleza habari ya magaga, na nguo kuchomwa, na kwamba hairudi wala haiambukizi tena. Walinisikiliza kwa adabu. Fundi wa majembe hakuwapo, lakini kaka yake alikuwapo, akasema, "Hayo tumeyasikia, baba. Sasa kunywa, tuone."

Sekindole alikuwa amekwisha kujaza. Akaonja, kidogo tu, kama desturi. Akasimama, akanijia, akaninyoshea kikombe kwa mikono miwili. Jicho lake lile zima lilikuwa linanitazama, halikuwa na wasiwasi wowote. Alijua nitakipokea. Nani tena angejua kuliko mimi?

Na mimi nikatazama ukingo wa kikombe. Mdomo wake ulikuwa umeugusa, umeulowesha, na juu ya mdomo ule nililiona shimo la kipele nililolipaka dawa kwa mkono wangu mwenyewe.  Sikuogopa kufa, nilikuwa nimechanjwa mara nne. Ilikuwa kinyaa, basi. Miezi miwili nilikuwa nimewafundisha watu kuogopa vikombe, na kumbe mwanafunzi aliyeshika somo kuliko wote nilikuwa mimi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Asante mama. Mimi niko kazini."

Wote pale walikuwa wameniona nikinywa kwa mwingine. Ulanzi ulikuwa bado kwenye masharubu yangu. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Sekindole alikishusha kikombe. Halafu akasema, "Haya, baba. Kazi njema." Akarudi kwenye gogo, akakinywa mwenyewe chote, akakaa. Alikaa mpaka jua likainama, mbeta imejaa pembeni yake, huku wengine wakibishana na kucheka kama alivyotamani kuwasikia. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda baiskeli zamani.

Ningeweza kurudi kesho yake. Anangisye angenirudisha kwa bakora: nyumba kwa nyumba, sema nilikosea. Lakini Anangisye alikuwa Mbeya, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kazi. Nilijiambia watu watamzoea. Nilijiambia kikombe kimoja si kitu. Nilikuwa na vijiji vya kuchanja. Mtu mwoga hakosi kazi ya kufanya.

Hawakumzoea. Kama Bwana Ndui mwenyewe hanywi, nani anywe? Wakamtengea njia yake ya kisimani. Waliopona baada yake walikuwa na makovu yaleyale, lakini walikuwa na waume na kaka wa kuwasemea, na wao wenyewe, wale aliowanywesha uji kwa unyasi, wakawa wa kwanza kumkwepa, maana kusimama naye kuliwakumbusha watu kwamba na wao walikuwa ng'ambo. Shemeji zake wakaichukua mianzi, wakasema mjane haitunzi. Mwisho akahamia huko huko ng'ambo ya kijito, mahali vibanda vilipokuwa, ambapo palikuwa na kichaka kidogo cha mianzi kisichokuwa na mwenyewe. Serikali ilikuwa imekwisha kuifungua nchi yote. Yeye alibaki karantini.

Masika iliyofuata ndui ilizuka kijiji cha pili, ng'ambo ya kilima. Wagonjwa sita siku ya kwanza. Tukafunga kamba, tukajenga vibanda, na kama ilivyo ada, hakukuwa na mtu wa kuingia. Bwana Afya akaniambia, "Yule mama wako wa mwaka jana yuko wapi? Mlete."

Nilimkuta anafagia uwanja. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akauliza habari za mke wangu. Nikamweleza. Wagonjwa sita, wawili ni wanawake wenye watoto wa kunyonya. Alisikiliza mpaka mwisho, ufagio mkononi.

"Na siku mkifungua," akauliza, "watakunywa kwangu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimesema uongo mwingi katika kazi hii, kwa wagonjwa, kwa wakubwa, kwenye ripoti. Ule haukutoka.

"Sijui, mama."

"Unajua, baba."

 Kisha nikamwambia lile nililopaswa kumwambia mwaka uliopita, kwamba nilikosea, kwamba sikuwa kazini, kwamba naomba radhi. Yeye akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha mwanzi kimejaa. Akaonja. Akaninyoshea kwa mikono miwili.

"Basi kunywa sasa," akasema. "Hakuna anayetazama."

Nilikunywa. Nilikunywa chote, nimesimama, mpaka nikaona kitako cha kikombe. Ulikuwa ulanzi wa asubuhi ileile, mtamu. Uwanjani tulikuwa sisi wawili na kuku. Akapokea kikombe, akakisuuza, akaniambia, "Siendi, baba. Nenda salama."

Nikaenda peke yangu. Kule ng'ambo ya kilima ndugu walileta unga, wakauacha, wakakimbia, na hapakuwa na wa kuupika.